Mwaka Usio na Kitabu

Walimchukua Bwana Kesla siku tulipoanika ulezi.
Askari wawili wa Kibelgiji, na punda mmoja
aliyebeba tarumbeta nne za shaba na cherehani ya mkewe.
Tulimsindikiza hadi mto Rungwa. Maji hayakuwapo; walivuka mchanga.
Alipofika ng'ambo akageuka, akasema jambo,
upepo ukalila.

Kitabu alimwachia mwalimu Yeremia Ngulati:
neno moja kwa siku moja, alfajiri, kabla ya jembe,
kabla mtu hajamjulia hali mkewe.
Kikatutosha hadi siku ya mwisho ya Desemba.
Kesho yake kengele ikalia, kile kipande cha reli kutoka Itigi,
tukaja kama tulivyozoea kuja,
wajane na wajane, wavulana na wavulana,
tukaketi.
Yeremia akafungua jalada la nyuma. Akalifunga.
Tulisikia nyuki kwenye paa.

Aliyesimama ni Kalunde, mjane, asiyejua a wala be.
"Si alituambia mwenyewe," akasema,
"kwamba kwao wazee hutia maneno bakulini,
wakayachota, ndipo yakachapwa?
Haya, bakuli hatuna. Kibuyu kipo."
Akakileta, kile cha asali, amekisuuza mara mbili
na bado kinanata.

Karatasi tutoe wapi? Tulileta vyeti vya kodi.
Kila nyumba ilikuwa navyo, vimechomekwa kwenye nyasi za paa:
rupia tatu, rupia tatu, muhuri wa tai.
Yeremia akavikata kwa wembe, akaandika mgongoni
yale aliyoyakumbuka, na alipoishiwa
wanawake wakamkumbusha.
Upande huu Kaizari, upande huu Mwanakondoo.

Mkono wa kuchota ulikuwa wangu. Nilikuwa na miaka saba
na kiganja kilichopita kwenye mdomo wa kibuyu.
Siku ya kwanza nikachota neno la kuvuka maji mengi,
sisi ambao mvua zilitukataa,
ambao kisima kilikuwa tope la kugombania na nyani.
Mzee Msavila akacheka, kisha kanisa zima,
kicheko cha watu wenye njaa, kifupi,
wala hatukuona kwamba tumekufuru.

Baada ya amina nilikuwa nalamba vidole.
Hilo naliungama hapa, sikupata kuliungama kwingine.

Kisha asubuhi moja ya Februari
nikachota, nikampa. Yeremia akageuza. Akageuza tena.
Mgongoni hapakuwa na kitu.
Labda alisahau kuandika, labda wino ulimwishia, labda kuna mtu
aliyekitumbukiza usiku; sijui, na sikuuliza.
Akasoma kilichokuwapo, kwa sauti ileile ya kusomea:
"Kasanda mwana wa Mlewa. Rupia tatu. Amelipa."

Kasanda, wa Kalunde,
aliyeswagwa kubeba masanduku ya risasi
upande wa Mahenge, asirudi yeye wala shuka yake.

Hakuna aliyeitikia amina. Kalunde alitazama mikono yake.
Ndipo kundi la vijana wa kiume, waliobaki watano,
wakatoka bila kuambiwa,
wakaenda Shamba la Mungu, kwenye safu yao,
wakalaza jiwe bapa, kimo kimoja na mengine,
maana pale hakuna jiwe linalopanda juu ya jiwe.
Chini yake hakuna mtu.
Tulilima kutwa nzima na neno hilo,
jembe likipanda, amelipa,
jembe likishuka.

Kitabu kipya kilikuja baada ya miaka, kimechapwa vizuri,
hakuna siku iliyorukwa.
Nakisoma. Ni kizuri.
Ila nikionja asali, hata sasa, kwa mjukuu wangu, juu ya mkate,
nanyamaza kidogo
kama mtu anayesubiri kusomewa.